Mafuta ya Jagi Moja

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Athumani Ihucha alishikana mkono na fundi wa betri, na hakuumia.

Fundi yule alikuwa mgeni mtaani. Alikuja kubadilisha betri ya jiko, na alipomaliza kazi yake alinyoosha kiganja kuaga kama anavyoaga mtu yeyote. Hakujua kwamba watu wa glavu hawasalimiwi hivyo. Katika Singida yote, mtu akimwona mzee wa zamani za Jumba la Mikono, humsogezea kiwiko, na mzee naye hutoa chake, viwiko vikagusana, salamu zikaendelea. Lakini fundi alinyoosha kiganja, na Mzee Ihucha, kabla hajafikiri, alikipokea.

Fundi alipokwisha kwenda, mzee alibaki mlangoni akiutazama mkono wake. Aliungoja uwake. Kwa miaka mingi, hata shuka lililopita juu ya vidole vyake lilimfanya ajisikie kama aliyeshika mfuniko wa sufuria uliotoka motoni akanyimwa ruhusa ya kuuachia. Sasa mkono ulikuwa na joto kidogo tu, kama mkono wa mtu aliyekaa juani.

Alivaa kofia yake, akafunga mlango, akaenda kwa Paskalina, mtu wa glavu kama yeye, kuwaambia wenzake.

Uani kwa Paskalina walikuwa wamekwisha kukusanyika, wanachama wote wa kikundi chao, juu ya mikeka na viti vya plastiki. Kutoka pale ungeweza kuliona Jumba la Mikono juu ya kilima, na masinia yake ya antena yakielekea angani. Kila mmoja wao alikuwa ameacha ujana wake mle ndani. Walikaa kwenye viti vilivyopangwa safu safu, wamevaa glavu zenye sindano nyembamba kuliko unywele, na huko juu, nje kabisa ya hewa, mikono ya chuma ilikaza skrubu za setilaiti kila wao walipozungusha vidole katika hewa tupu. Glavu zilipeleka amri na kurudisha hisia. Fundi wa Singida aliweza kujua skrubu imekaza au imelegea kana kwamba ameishika mwenyewe. Hisia hiyo iliyorudi ndiyo iliyowaharibu. Umeme mdogo mdogo, siku baada ya siku, uliichubua mishipa yao ya fahamu mpaka ikabaki kama waya uliomenywa plastiki.

Zamu ilipoisha walikuwa wakivua glavu na kutumbukiza mikono katika beseni moja la maji baridi. Lilikuwa beseni moja kwa zamu nzima, na mtu kuleta beseni lake ilikuwa aibu. Aliyeumia zaidi siku hiyo aliachiwa katikati, ambako maji yalikuwa mengi na baridi zaidi. Hakuna aliyeomba katikati. Wenzake walimtazama usoni, wakasogea.

Sasa beseni lilikuwa pale pale uani, kwa desturi tu, na kando yake lilisimama jagi la kioo.

"Mama Eliza, koroga vizuri," alisema Shedaki Mangu. "Dawa isije ikalala chini kama sukari. Siku ile Ihucha alipewa chai ya juu kwenye birika, alinuna mpaka Idi."

"Wewe kaa kimya ushike faneli," Paskalina alimjibu.

Alikuwa akimimina chupa ndogo ndogo ndani ya jagi, moja baada ya nyingine. Kila chupa ilikuwa na namba, na kila mwanachama alikuwa amepewa yake na kliniki iliyokuwa ikiifanyia utafiti dawa ya mikono yao. Ndani mlikuwa na mafuta ya alizeti. Katika baadhi ya chupa mafuta yalichanganywa na dawa, na katika nyingine yalikuwa mafuta matupu, na hakuna aliyejua ipi ni ipi, hata daktari. Paskalina alikoroga, kisha akaanza kuyarudisha mafuta katika chupa zilezile kwa kipimo sawa. Siku ya kwanza kabisa, walipoambiwa kwamba nusu yao watapewa mafuta matupu, Mzee Ihucha, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti, alisimama akasema, "Sisi hatukuwahi kuwa na mabeseni mawili." Hapakuwa na mjadala. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa hivi.

"Mtu wa Singida analishwa mafuta ya alizeti anaambiwa huenda ni dawa," Shedaki alisema, akishika faneli. "Na mke wangu bado ananinusa nikirudi kliniki. Kasikia imetokana na bangi, anangoja nianze kucheka peke yangu."

"Si unacheka peke yako siku zote?"

"Ndiyo shida. Hawezi kujua imeanza lini."

Mzee Ihucha alicheka pamoja nao, kisha akawaeleza habari ya fundi wa betri. Shedaki aliweka faneli chini.

"Kiganja chote?"

"Kiganja chote."

Paskalina aliingia ndani, akatoka na mjukuu wake Nuru, akamgeuza watu wamwone kisogo. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka.

"Nimesuka mimi," alisema. "Tangu azaliwe nilikuwa sijamgusa kichwa kwa vidole. Mistari imepinda hapa nyuma, lakini nimesuka mimi."

*

Jumatatu waliitwa kliniki. Daktari Mbwilo, mwanamke mwembamba aliyezoea kuongea taratibu, aliwaamkia shikamoo wote kwa pamoja na kuwapitia kiwiko kwa kiwiko. Alipofika kwa Mzee Ihucha, mzee alitamani kumpa kiganja, lakini uso wa daktari ulimfanya angoje.

"Wazee wangu," daktari alisema baada ya kukaa, "kamati ya utafiti imefungua siri ya namba. Mimi sijaonyeshwa nani alipewa nini, ila nimepewa jibu. Nyote mmepata nafuu. Maumivu yameshuka karibu nusu."

"Tunalijua hilo," Shedaki alisema. "Ihucha anashikana mikono na mafundi."

"Tatizo ni kwamba waliopewa dawa wamepata nafuu, na waliopewa mafuta matupu wamepata nafuu ileile. Hakuna tofauti hata kidogo."

Wazee walitazamana. Daktari alidhani hawajaelewa, akasogeza kiti.

"Nirudie tangu mwanzo. Mmea wa bangi una kemikali nyingi sana. Moja ndiyo inayolevya. Nyingine, ambazo nazo ni za jamii hiyohiyo ya kanabinoidi, hazipandi kichwani kabisa. Tuliyowapa ni mojawapo, na wala haikutoka shambani. Inatengenezwa na hamira ndani ya tangi, hamira iliyofundishwa kazi hiyo. Tulitegemea itulize mishipa ya fahamu iliyochubuka, ile inayopiga kelele hata pasipo kuguswa. Katika maabara ilituliza. Lakini mwilini mwa mtu kuna mambo mengi. Mtu akipewa kitu na watu anaowaamini, akikutana na wenzake kila wiki, akicheka, maumivu yanaweza kushuka yenyewe. Kwa hiyo tunaweka makundi mawili, ili tuone dawa imeongeza nini juu ya matumaini. Hapa haikuongeza chochote. Kamati inasema ni matumaini tu. Ijumaa watatia saini kuufunga utafiti."

"Na dawa yenyewe?" Paskalina aliuliza.

"Itawekwa kabatini. Hakuna atakayegharimia kuitengeneza tena."

"Na chupa tulizonazo?"

"Mtaruhusiwa kumalizia. Mmegawiwa za miezi kadhaa, na hazina madhara." Daktari alijaribu kutabasamu. "Kama zinawasaidia, zitumieni."

Mzee Ihucha alikuwa ameviweka viganja vyake juu ya magoti. Alivitazama. Aliliona jagi, na faneli, na mkono wa Paskalina ukikoroga. Alielewa, na alipoinua macho aliona kwamba Paskalina naye ameelewa na anamtazama yeye, akitikisa kichwa kidogo sana kumzuia.

Aliaga kwa kiwiko, akatoka.

*

"Usiseme," Paskalina alimwambia walipofika uani kwake. Wengine walikuwa bado njiani. Walikuwa wawili tu, na Shedaki aliyejikokota nyuma yao akaketi kwenye kizingiti.

"Dawa inafanya kazi, Paskalina. Wamelinganisha jagi na jagi. Wangeona tofauti gani?"

"Najua. Mimi si mtoto. Lakini umesoma masharti kuliko sisi wote, unayajua. Anayekunywa ya mwenzake anatolewa, na chupa zinachukuliwa siku hiyohiyo. Ukisema, kesho hatuna kitu. Ukinyamaza, tuna miezi."

"Miezi, kisha?"

"Kisha Mungu anajua. Mimi nimechoka kungoja vya baadaye, Athumani. Baadaye yangu iko pale, ina nywele za mistari." Alionyesha kwa kidevu upande aliokuwa akicheza Nuru.

Shedaki alikohoa. "Na tukisema, watasema wazee wa Singida ni wajinga. Wamepewa dawa wakaifanya mchuzi."

"Waseme," Ihucha alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia mchanganye. Ujinga wangu utabebwa na mimi."

"Haukuwa ujinga," Paskalina alisema kwa ukali. "Walitaka tukae sahani moja, huyu ale nyama, huyu alambe mchuzi, na tusiulizane. Watu wa aina gani hao? Ungekubali siku ile, nisingekuita mwenyekiti tena."

Hilo ndilo lililomsumbua Ihucha. Hata sasa, akirudishwa siku ile, hakuona angesema nini kingine.

Walikaa. Watu wa kikundi waliingia mmoja mmoja, wakaelezwa. Wengine walikuwa na Ihucha, wengi walikuwa na Paskalina, na mzee hakutaka kuwashinda kwa sauti. Alisema tu kwamba hataenda kliniki bila ya wao kukubali, kwa kuwa chupa ni za wote, na kwamba Ijumaa haiko mbali. Kisha akaondoka.

Jumatano Paskalina alikuja mwenyewe mlangoni kwake. Alikataa kiti.

"Eliza alikuja jana kutoka kazini," alisema. Eliza alikuwa binti yake wa kwanza, anafanya kazi katika Jumba la Mikono kwa glavu mpya, zile zinazosemwa kuwa zimerekebishwa. "Alinikuta mlangoni kama wewe hapa. Akanisalimu kwa kiwiko."

"Kwa kiwiko?" Mzee Ihucha aliuliza.

"Nikajifanya sikuona. Nikampa kiwiko changu. Alitaka nidhani amenisalimu hivyo kwa sababu yangu mimi, si kwa sababu ya mikono yake. Nenda kawaambie. Nimezungumza na wenzetu. Shedaki anasema ukienda, uvae lile koti, usiende na sweta lililotoboka."

*

Daktari Mbwilo alisikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Kisha alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Nani aliwaambia mchanganye?"

"Mimi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa sababu wewe mwenyewe ulituambia kwamba nusu yetu tutakosa. Tulikuwa na dawa ya kutosha kila mtu apate kidogo. Sikuona kwa nini mtu akose."

Daktari aliketi. Hakuwa na hasira, na mzee alishukuru kwa hilo, maana alikuwa amejiandaa kwa hasira.

"Nikuulize jambo," daktari alisema. "Glavu zenu zilipokuwa mpya, walizipima vipi kama zina madhara?"

"Walituuliza. Kila mwisho wa mwezi. Unajisikiaje, mikono iko sawa?"

"Mkasema?"

"Tukasema sawa." Mzee alifikiri. "Kila mtu alisema sawa kwa kuwa mwenzake kasema sawa. Tulidhani ni uchovu tu."

"Kulikuwa na watu wa pembeni, wasiovaa glavu, walioulizwa maswali hayohayo?"

"Hapana."

"Wangekuwapo, ingeonekana mwaka wa kwanza kwamba mikono yenu inakwenda njia yake. Sipendi kumpa mtu mafuta matupu, mzee. Nikimpa, najua kuna mtu ninamwacha na maumivu yake. Lakini mkiwa wote mko mahali pamoja, siwezi kuona mmesogea wapi."

Nje mtu alikuwa akifagia, na sauti ya ufagio ilisikika chumbani.

"Dawa inaweza kuokolewa?" mzee aliuliza.

"Damu tuliyowachukua iko kwenye friji. Makusudi hatukuipima kama ina dawa, ili siri ya namba isivuje. Nitaomba ipimwe. Kama ni kweli, wote mtaonekana na dawa, kiasi kimoja, nusu ya kipimo. Hilo litaizuia saini ya Ijumaa. Halitathibitisha kwamba dawa inaponya. Litathibitisha kwamba hatujajua."

"Na ili mjue?"

"Kuanza upya. Mwezi mzima bila kitu, mpaka miili isafike. Chupa mpya, namba mpya. Kila mtu na chupa yake peke yake." Alimtazama. "Na asimwambie mwenzake anajisikiaje. Aniambie mimi tu. Ukijua mwenzako hana, utampa. Nawajua sasa."

"Nusu watakosa."

"Nusu watakosa kwa miezi sita. Ikithibitika, watapata wote, na wa Jumba la Mikono, na wa majumba mengine yote yenye glavu."

Mzee aliinuka, akaliweka sawa koti lake.

"Tutaleta chupa jioni," alisema.

Walizileta. Damu ilipimwa, na ilikuwa kama alivyosema. Kamati iliahirisha saini yake, ikabishana siku kadhaa, ikakubali mwanzo mpya. Wazee walitia saini upya, Shedaki wa mwisho, akilalamika kwamba sasa mkewe atamnusa bure.

*

Mwezi wa kusafika ulikuwa mgumu kwa wote kwa usawa, na kwa hiyo ulivumilika. Mikono iliwaka. Nuru alisukwa na jirani.

Chupa mpya zilipokuja, kila mmoja aliipeleka yake nyumbani na kuiweka mahali pake. Mzee Ihucha aliiweka ya kwake juu ya kabati, kando ya miwani, na alitia matone chini ya ulimi asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, bila ya kuruka. Wiki za mwanzo alingoja. Alikumbuka jinsi mara ya kwanza ule moto ulivyoanza kurudi nyuma, kwanza kutoka kwenye viganja, kisha kwenye vidole, ukabaki kwenye ncha. Safari hii haukurudi nyuma. Wakati mwingine ulipoa siku moja, akatumaini, na kesho yake ukawa palepale.

"Kutoka sifuri mpaka kumi?" Daktari Mbwilo alimuuliza kliniki, kama alivyomuuliza kila mtu.

"Nane."

Daktari aliandika nane. Hakuinua macho, na mzee alielewa kwamba hawezi kuinua.

Walikuwa bado wanakutana Jumamosi. Jagi lilirudi jikoni kuwekwa juisi. Beseni lilibaki uani, limejazwa maji ya kisima, na liliruhusiwa kwa sababu daktari alisema maji ni maji. Walizungumza habari za mvua, habari za watoto, habari za Eliza aliyeomba likizo ya glavu akanyimwa. Hakuna aliyetaja mikono. Walikuwa wamejifunza kutotazamana vidole, kama watu wanavyojifunza kutotazama sahani ya mgeni.

Lakini kuna mambo hayafichiki. Jumamosi moja Mzee Ihucha alipoingia uani alimkuta Nuru amekaa chini, kichwa kikiwa kati ya magoti ya bibi yake, na vidole vya Paskalina vikienda upesi katika nywele. Mistari ilikuwa imenyooka mpaka nyuma kabisa. Mzee aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta kiti.

"Athumani, karibu," Paskalina alisema. Alimwinua mtoto, akasimama, akajipangusa mafuta ya nywele kwenye kanga. Na kwa furaha ya kazi iliyotoka vizuri, akiwa amesahau, alimnyooshea kiganja.

Mkono ulibaki hewani. Mzee aliona usoni pake kwamba amekumbuka. Aliona pia kwamba ameanza kuogopa, na alijua anaogopa nini. Kama angetoa kiwiko, mama huyu angejua. Na akijua, kabla ya jioni chupa yake ingekuwa mlangoni kwa Ihucha, na hakuna sharti ambalo lingeizuia.

Aliupokea mkono.

Moto ulipanda mpaka begani. Mzee Ihucha aliuweka uso wake vilevile.

"Habari za tangu juzi?" alisema.

"Njema. Za kwako?"

"Nzuri tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Eliza anakusalimu."

"Nimezipokea. Na ndugu wa Ikungi?"

"Wote wazima. Na wewe, nyumbani salama?"

"Salama kabisa."

Hakuharakisha. Aliipitia salamu yote, mtu kwa mtu, kama inavyotakiwa kati ya watu wazima wanaoheshimiana, na alipoimaliza ndipo alipouachia mkono, polepole, kama mtu ambaye angeweza kuendelea kuushika.

"Naona joto leo," Paskalina alisema baada ya muda.

"Joto kweli."

Walikaa pamoja na wenzao kuzunguka beseni. Shedaki alikuwa akisimulia habari ya mkewe, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kucheka. Waliingiza mikono majini wote kwa pamoja, kama zamani zamu ilipokwisha. Paskalina hakumtazama Ihucha. Alikuwa akimsikiliza Shedaki, akitabasamu, na huku akitabasamu aliisogeza mikono yake mpaka ukingoni mwa beseni, akamwachia katikati.